Mkopo Haufi Siku ya Tisini

Karibu kila benki ina namba moja ambayo hakuna anayebishana nayo: 90. Marejesho ya mkopo yakichelewa zaidi ya siku hizo, mkopo unahesabiwa umeshindikana. Kamati ya Basel, ya kimataifa ya wasimamizi wa benki, iliiweka kwenye kanuni zake za mtaji wa benki, na kiwango cha kihesabu cha IFRS 9 nacho kinaitumia kama dhana ya kuanzia. Mchambuzi mpya wa hatari za mikopo hukaririshwa namba hiyo mapema kabisa, nami nilikaririshwa. Lakini baada ya miaka kadhaa ya kukaa na mikopo ya makampuni, nimeizoea siku ya tisini kama siku ya kutoa cheti cha kifo. Cheti ni muhimu, kina matumizi yake serikalini na mahakamani. Ila hakuna daktari anayekingojea ili ajue mgonjwa anaumwa.

Kazi yangu ina sura mbili. Kuna muda nina faili moja mezani: kampuni inaomba mkopo wa mitambo, nasoma hesabu zake, naandika maoni, kamati ya mikopo inaamua. Kuna muda naachana na kampuni moja moja na kuangalia mikopo yote kwa pamoja, ile tunayoiita potifolio: sekta gani imebeba kiasi gani, wateja gani wameshuka daraja, mikopo ya mwaka gani imeanza kusumbua. Wengi wanaoingia kazini huipenda sura ya kwanza kwa sababu ina watu na visa. Ya pili ina majedwali tu, na inachosha macho. Hata hivyo hasara kubwa nilizoziona zilianzia kwenye majedwali, pale mafaili mengi yalipokuwa yanafanana na kila mtu akitazama la kwake.

Kinachoziunganisha sura hizi ni kwamba habari zote hufika zimechelewa. Chukua hesabu zilizokaguliwa. Kampuni imefunga mwaka Desemba, wakaguzi wamemaliza, mimi nazipata Mei. Muamala wa kwanza uliomo ndani ulifanyika Januari ya mwaka uliopita, miezi 16 nyuma. Mwaka 1968 Edward Altman wa Chuo Kikuu cha New York alichukua makampuni 66 ya viwanda ya Marekani, nusu yaliyofilisika na nusu yaliyobaki hai, akatengeneza fomula ya uwiano tano wa kihesabu wa kutabiri ufilisi. Fomula hiyo bado inafundishwa, na mimi huipiga kwenye kila faili la kiwanda. Lakini ukiilisha hesabu za mwaka jana, inakujibu mambo ya mwaka jana.

Ndiyo maana kabla ya kufungua hesabu zilizokaguliwa, naanza na taarifa ya akaunti ya benki. Hesabu za mwaka zimepita mikononi mwa mhasibu, mkurugenzi na mkaguzi. Akaunti haijapita mikononi mwa mtu. Inaandika kila kinachoingia na kutoka, saa ileile. Kampuni ikiniambia mauzo yake ni milioni 1,200 kwa mwaka, natarajia wastani wa milioni 100 kila mwezi mahali fulani. Nikiona kwetu zinaingia 40, swali langu la kwanza kwa mteja ni 60 zilizobaki zinapita wapi. Huenda ana benki nyingine, na jibu hilo ni halali kabisa, mradi atuletee taarifa ya huko pia. Huenda mauzo hayapo.

Ovadrafti, yaani ruhusa ya kutoa zaidi ya kilichomo kwenye akaunti hadi kikomo fulani, ndiyo inayosema kwa sauti zaidi. Imekusudiwa kupanda na kushuka: mteja ananunua mzigo, salio linazama, anauza, analipwa, salio linapanda, pengine hata linatoka kwenye deni kwa siku chache. Mtu mwenye biashara nzima ana mchoro wa mawimbi. Biashara ikianza kuugua mawimbi yanafupika, kisha mstari unalala chini kabisa, ukigusana na kikomo. Kila shilingi, dola au randi inayoingia inatoka siku hiyohiyo. Riba ikikatwa, akaunti inapita kikomo kidogo, mteja anapiga simu, anaomba nyongeza ya muda mfupi. Kwa vipimo vya siku 90 mteja huyu hana tatizo lolote, hajachelewa hata siku moja. Lakini ovadrafti yake tayari imegeuka mkopo wa muda mrefu ambao hakuna kamati iliyouidhinisha.

Nilikuwa na mteja wa namna hiyo, msambazaji wa vifaa vya ujenzi. Faida yake ilikuwa inakua, na meneja uhusiano aliyemshika, yaani afisa wetu anayemhudumia, alikuwa anaandaa ombi la kumwongezea mkopo. Nilipoweka miaka miwili bega kwa bega, mauzo yalikuwa yametoka 1,000 hadi 1,100 (naziweka kwa vipimo rahisi), lakini fedha alizokuwa anawadai wateja wake zilikuwa zimetoka 200 hadi 330. Zigeuze ziwe siku: mwaka wa kwanza alikuwa anasubiri malipo siku 73 kwa wastani, mwaka wa pili karibu siku 110. Mauzo yameongezeka 100, madeni ya wateja yameongezeka 130. Alikuwa amekuza biashara kwa kuwakopesha watu ambao hawalipi, na aliyekuwa anafadhili ukopeshaji huo ni sisi, kupitia ovadrafti.

Kwenye taarifa ya mapato na matumizi huwezi kuliona jambo hili. Ankara ikishatoka, mauzo yanahesabiwa na faida inaandikwa, hata kama hela itakuja mwakani au haitakuja. Mizania, ile orodha ya mali na madeni, ndiyo inayoonyesha, na watu wengi huikimbilia faida na kuiacha mizania.

Tulikwenda kumtembelea, mimi na meneja uhusiano. Kutembelea stoo nakupenda kuliko sehemu nyingine yoyote ya kazi hii, na sijali wenzangu wanaoona ni kupoteza siku. Mkurugenzi alitupitisha mbele mbele: mzigo umepangwa vizuri, lebo zinaangalia nje, karatasi za nailoni hazijachanwa. Nilipozunguka nyuma ya rafu nikakuta maboksi yenye vumbi la kuandikika kwa kidole, kona zimeliwa na unyevu. Nikamuuliza mtunza stoo, mzee mwenye kalamu sikioni, mzigo ule una muda gani. Akaniangalia, akaangalia alikosimama bosi wake, akasema, "Dada, huu mimi niliukuta." Nikamuuliza ameanza kazi lini. "Mwaka juzi." Kwenye hesabu, mzigo ule ulikuwa umeandikwa kwa bei kamili ya kununulia.

Watu huuliza kwa nini tunang'ang'ania nafasi, yaani kwa nini benki itake mapato ya kulipia mkopo yazidi marejesho kwa robo au theluthi wakati mteja anaona yakitosha yametosha. Jibu liko kwenye gharama zisizobadilika. Tuseme biashara ina mauzo ya 1,000. Gharama zinazofuata mauzo, kama kununua mzigo na usafiri, ni 600. Gharama za kudumu, kama pango na mishahara, ni 270. Zinabaki 130, na marejesho ya mkopo kwa mwaka ni 100. Uwiano ni 1.3, kamati inatikisa kichwa kwa kukubali. Sasa punguza mauzo kwa asilimia 10 tu. Mauzo 900, gharama zinazofuata mauzo 540, gharama za kudumu bado 270, kwa sababu mwenye jengo hapunguzi pango eti wateja wako wamepungua. Zinabaki 90. Uwiano umeshuka hadi 0.9, na mteja hawezi kulipa. Ule upungufu mdogo wa mauzo umeondoa karibu theluthi ya uwezo wa kulipa. Kwa hiyo ninaposoma ombi lililoandikwa "uwiano 1.3, unatosha", nauliza kwanza muundo wa gharama. Kwa mfanyabiashara ambaye karibu gharama zake zote zinafuata mauzo, 1.2 inaweza kuwa salama. Kwa hoteli au kiwanda chenye gharama kubwa za kudumu, hata 1.5 naitazama kwa jicho la pili.

Dhamana ni mada ambayo huzua kelele nyingi na naiona imepewa heshima kupita kiasi. Hati ya jengo hailipi marejesho ya mwezi. Ni njia ya pili ya kutokea, na ina kona nyingi: kesi, zuio la mahakama, mnada usio na wanunuzi, bei inayoshuka hasa wakati ule ambao benki zote zinauza. Afisa akianza utetezi wa mkopo kwa kusema "dhamana iko vizuri", huwa najua biashara haiko vizuri.

Fomula tunayotumia kukadiria hasara ni fupi: uwezekano wa kushindwa kulipa, mara sehemu ya deni itakayopotea baada ya kuuza dhamana, mara deni litakalokuwepo siku ya kushindwa. Mteja anadaiwa 1,000, uwezekano ni asilimia 4, sehemu itakayopotea ni asilimia 45, hasara inayotarajiwa ni 18. Sehemu mbili za kwanza zimeandikiwa mengi. Ya tatu wengi huipita haraka, wakidhani deni la siku hiyo ni deni la leo. Siyo. Mfa maji haachi kutapatapa. Mteja mwenye kikomo cha 1,000 aliyetumia 400 leo, akianza kuishiwa hela atakuwa ametumia 900 au zote kabla hatujajua lolote. Ukikokotoa hasara kwa 400 umejidanganya kwa zaidi ya nusu. Kikomo kisichotumika ni ahadi ambayo mteja huidai siku mbaya kuliko zote kwa benki, na ndiyo maana kasi ya kutumia kikomo ni miongoni mwa vitu ninavyovifuatilia kila mwezi kwa wateja wote.

Kuna dalili nyingine niliyoanza kuiona nilipokuwa nafuatilia tarehe badala ya kiasi. Kampuni moja ilikuwa inalipa marejesho siku ya mwisho ya mwezi, bila kukosa. Safi kabisa kwenye ripoti. Nilipofuata hela ilikotoka, ilikuwa inaingia asubuhi ya siku hiyo kutoka kampuni dada yenye wakurugenzi walewale. Siku mbili tatu baadaye kiasi kinachokaribiana kilikuwa kinatoka kwenye ovadrafti kurudi kampuni dada, kikiitwa malipo ya huduma. Mkopo ulikuwa unalipwa kwa mkopo. Deni linapungua upande mmoja, linapanda upande wa pili, na jumla inabaki palepale pamoja na riba. Tulipowaunganisha kama mkopaji mmoja, kiasi walichokuwa wanadaiwa kilikuwa kikubwa kuliko kamati ilivyowahi kuambiwa.

Hapo ndipo sura ya pili ya kazi inapoingia. Kanuni za Basel zinataka benki isiwe na mkopaji mmoja, au kundi la wakopaji wenye uhusiano, anayezidi asilimia 25 ya mtaji wake wa daraja la kwanza, ambao hasa ni fedha za wenye hisa na faida iliyolimbikizwa. Neno zito ni "uhusiano". Umiliki ni uhusiano ulio wazi, unaonekana kwenye usajili. Uliojificha ni wa mlipaji. Niliwahi kupanga wateja kwa sekta nikaridhika: usafirishaji, ulinzi, chakula, ujenzi, uchapaji, kila kimoja kina sehemu yake. Kisha nikawapanga kwa swali moja, nani anawalipa. Sehemu kubwa ya wale waliotawanyika kwenye sekta tano walikuwa wanahudumia mnunuzi mmoja mkubwa. Akichelewa yeye, wanachelewa wote kwa pamoja. Tangu hapo kwenye kila faili natafuta majina ya wateja watatu wakubwa wa mteja wetu, na nayaweka kwenye safu yake. Mfumo wa benki haukuwa na sehemu ya kuyaandika, nikayaweka kwenye jedwali langu pembeni. Bado yako pembeni.

Historia ina mfano ninaoupenda kuwapa wenzangu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 benki ndogo ya Oklahoma City, Penn Square, ilitoa mikopo mingi kwa wachimbaji wa mafuta na gesi, kisha ikaviuza vipande vya mikopo hiyo kwa benki kubwa. Continental Illinois ya Chicago ilinunua ya takriban dola bilioni 1. Bei za nishati zikageuka, Penn Square ikafungwa Julai 1982, na Continental, iliyokuwa kati ya benki kubwa kabisa za Marekani, ikalazimika kuokolewa na serikali mwaka 1984. Continental ilikuwa na wataalamu wake. Kwa mikopo ile iliamini mno kazi ya uchambuzi iliyofanywa na muuzaji. Kila ninapoletewa mkopo wa kushirikiana na benki nyingine, na mtu akisema "benki kiongozi wameshachambua", nafungua faili upya kuanzia taarifa ya akaunti.

Ujanja mwingine wa potifolio uko kwenye hesabu ya kugawanya. Mikopo yote ni 1,000, mikopo chechefu, yaani iliyopita zile siku 90, ni 50, hiyo ni asilimia 5. Mwaka unaofuata mikopo yote ni 1,500 na chechefu ni 60. Asilimia 4. Bodi inapongeza, na hakuna aliyesema uongo. Lakini ile 500 mpya bado haijapata muda wa kuharibika. Mkopo wenye miezi miwili au wenye kipindi cha kupumzika marejesho hauwezi kuwa na ucheleweshaji wa siku 90. Gawa 60 kwa ile 1,000 ya zamani unapata asilimia 6. Ukuaji huficha ugonjwa hadi siku ukuaji unaposimama, na hapo asilimia inaruka kana kwamba jambo limetokea ghafla. Ninachofanya ni kuipanga mikopo kwa robo mwaka iliyotolewa, kisha kulinganisha kila kundi likiwa na umri uleule: ya mwaka huu ikifikisha miezi 12 ina hali gani, ukilinganisha na ya mwaka juzi ilipofikisha miezi 12. Mstari wa kundi jipya ukipanda haraka kuliko wa wakubwa zake, kuna mtu amelegeza masharti mahali fulani, hata kama sera kwenye karatasi haijabadilika nukta.

Wahasibu walilitambua tatizo hili la kuchelewa kwa njia ngumu. Chini ya kiwango cha zamani, IAS 39, benki ilitenga fedha za hasara pale tu palipokuwa na ushahidi kwamba hasara imeshatokea. Mgogoro wa kifedha wa 2007 hadi 2009 ukaonyesha kwamba matengo hayo yalikuwa kidogo na yalikuja kwa kuchelewa. IFRS 9, iliyoanza kutumika Januari 1, 2018, inataka benki itenge hasara inayotarajiwa tangu siku ya kwanza: kwanza ile ya miezi 12 ijayo, na hatari ikiongezeka kwa kiasi kikubwa, ya maisha yote ya mkopo. Kiwango kinachukulia kwamba kuchelewa zaidi ya siku 30 ni ishara ya ongezeko hilo, isipokuwa benki ithibitishe vinginevyo. Naikubali nia yake. Kinachonisumbua ni kwamba kumhamisha mteja kwenda hatua ya pili, ile ya hasara ya maisha yote, kunapunguza faida ya robo mwaka ileile, kwa hiyo chumba chenye watu wenye akili nyingi huweza kukaa saa nzima kikitafuta sababu za kumwacha alipo. Hapo siku 30 zinageuka dari, wakati zilikusudiwa ziwe sakafu.

Yule msambazaji wa vifaa vya ujenzi hakuwahi kuchelewa. Niliandika maoni yangu: asiongezewe mkopo, tukae naye kabla mambo hayajaharibika. Meneja uhusiano hakupendezwa. "Dada, mteja analipa, wewe unamtafutia ugonjwa," aliniambia kwenye korido, na siyo kwa utani. Kamati ilikaa katikati: nyongeza ikakataliwa, na tukamwita mkurugenzi. Alikuja na uso wa vita. Nilipomwekea orodha ya wadaiwa wake ikiwa imepangwa kwa umri wa ankara, akakaa kimya akiisoma, kisha akasema wawili kati yao ni jamaa zake na hajui awadai vipi. Mficha uchi hazai. Kuanzia hapo mazungumzo yakawa rahisi. Sehemu iliyoganda ya ovadrafti ikageuzwa mkopo wa muda wenye marejesho, kikomo kikapunguzwa, mzigo wa nyuma ya rafu ukauzwa kwa hasara, na kiwanja ambacho hakikuwa na kazi kikauzwa pia. Akaacha kuwapa mzigo wasiolipa, jamaa wakiwemo. Mauzo yake yalishuka mwaka huo, na mstari wa ovadrafti ukarudi kuwa na mawimbi.

Meneja uhusiano mpaka leo anaamini mteja yule angejiokoa mwenyewe, na kwamba nyongeza ile ingemkuza zaidi. Sina cha kumwonyesha. Kwenye ripoti zetu kuna safu ya mikopo iliyotolewa, ya mikopo chechefu, na ya mikopo iliyofutwa. Hakuna safu ya mikopo ambayo ingekufa. Malengo yake yeye yanapimwa kwa safu ile ya kwanza. Mwaka huo alipoteza nyongeza moja na akapata nyingine kwa mteja mwingine, akafikisha lengo, na bonasi akaipata. Faili la mteja huyo mwingine liko mezani kwangu sasa, na nimeomba taarifa ya akaunti ya miezi 24.